Mti wa Mwisho Uko Mlangoni Pangu

Mstari ulipita katikati ya nyumba yetu. Uliliacha jiko na vyumba vya nyuma upande wa watu, ukakiingiza chumba cha mbele, kile alimolala mama mkwe wangu, ndani ya hifadhi ya mto. Aliyekuja kuuchora alikuwa afisa wa mradi, ambaye mtaa mzima tunamwita Bwana Miche, kwa kuwa tangu tumfahamu hatukuwahi kumwona bila mche mkononi. Siku hiyo alishika kopo la rangi nyekundu na brashi. Alitusalimia kwa adabu, akatuomba radhi kwa usumbufu, kisha akapiga alama ya msalaba, ile ya nyumba za kubomolewa, kwenye ukuta wa mbele kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kuuchora vizuri kungepunguza ubaya wake.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani akimtazama kupitia dirishani. Watoto wangu humwita Jemadari anapokuwa mbali, nami siwakanyi sana, maana jina limemkaa.

"Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mnyama wa porini," alimwambia. "Vizuri. Waleteni na watalii wanione nikinywa chai."

"Si mimi, bibi. Ni sera."

"Na sera ndiyo iliyoshika brashi?"

Bwana Miche aliinamisha uso, akafunika kopo lake, akaenda kwa jirani.

Ili ieleweke kwa nini siku ile niliacha shuka la mteja kwenye beseni bila kulikamua, ni lazima nieleze jinsi miti ilivyofika mlangoni petu. Mimi ni dobi. Mto unapita hatua chache kutoka kwetu, lakini sijawahi kufua nguo ya mtu kwa maji yake. Nanunua ya bomba kwa ndoo. Juu yetu, pale mto unapopinda, kuna kiwanda cha kutia vitambaa rangi, na maji yanayotoka huko hutufikia yakiwa na rangi ya kazi ya siku hiyo. Leo buluu, kesho zambarau, siku nyingine nyekundu iliyokolea hata mgeni akadhani kuna machinjio. Wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tukitaniana kwamba sisi huijua mitindo ya msimu ujao kabla ya wenye maduka. Utani huo ulikwisha watoto walipoanza kutoka upele miguuni. Tulilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, tukalalamika kwa diwani, tukaambiwa kwamba jambo hilo ni zito, kwamba mataifa yanakutana kulijadili, na kwamba tuwe na subira.

Mataifa yakakutana kweli. Tulisikia redioni kwamba yamekubaliana kuiokoa dunia. Haukupita muda mrefu, Bwana Miche akafika na lori la miche.

Alituita uwanjani akatueleza mpango kwa maneno mepesi. Kiwanda kinachodhuru mazingira sasa kinawajibika kulipia madhara yake. Kitalipia miti ipandwe kando ya mto, na kila mti utakaokua utahesabiwa kuwa wema wa kiwanda. Tulipiga makofi. Tulielewa kwamba kiwanda kitapanda miti na pia kitasafisha maji. Hakuna aliyetuambia kwamba ni kimoja badala ya kingine, na sisi hatukuuliza, kwa sababu hatukudhani kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kufikiri hivyo. Ukimwagia jirani yako maji machafu kila siku, humletei ua la kupanda mlangoni kisha ukaendelea kumwaga.

Wanawake waliunda kikundi, wakanichagua niwe mwenyekiti. Tulipanda kingo zote za mto mtaani kwetu. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo, naamini, watu wengine wasingelifanya. Miche ilikuwa mingi kuliko nafasi. Bwana Miche alisema iliyobaki tuiache tu, imekwisha kuandikwa hasara. Maneno hayo hayakutuingia. Mtu anayepima sabuni kwa kijiko hawezi kutazama miche mibichi ikinyauka kwenye vifuko vyake. Tukaipanda kandokando ya njia, tukaipanda nyuma ya vyoo, tukaipanda kati ya nyumba na nyumba, na ilipozidi kubaki tukaipanda milangoni petu. Kisha tukaanza kushindana. Huyu akisema wake umetoa jani jipya, yule anasema wake umemfikia magotini. Wa kwangu niliunywesha maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na povu, nikawachapa watoto wangu kwa kuubembea. Ulikua haraka kuliko wao. Hata Jemadari, ambaye hasifii kitu, alikiri kwamba chumba chake kimepoa.

Miti ilipoungana, ikapigwa picha kutoka angani. Huko juu ofisini wakaona utepe mmoja wa kijani kutoka ukingo wa mto hadi kwenye mapaa yetu, wakafurahi mno. Wakatangaza hifadhi. Mpaka wake, walisema, unaanzia mti wa mwisho, pamoja na nafasi ya mizizi kupumua. Mti wa mwisho kwangu uko mlangoni. Mizizi yake ikaonekana kuhitaji kupumua hadi kitandani kwa mama mkwe.

Na kule juu, kwenye kiwanda? Kule hakuna mti. Ukingo wote ni saruji na udongo uliobabuka, hauoti hata magugu. Pasipo na mti hapana hifadhi, kwa hiyo mstari ulipofika kwenye ukuta wa kiwanda ulikoma, ukaanza tena upande wa pili. Nilimwomba Bwana Miche anionyeshe ramani mara ya pili, nikidhani macho yangu yamenidanganya. Hayakunidanganya. Sisi tuliopanda, mstari umetufuata hadi chumbani. Wao ambao hawakupanda hata unyasi, umewapisha kwa heshima.

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya ambalo sote tulilifikiria. Alichukua shoka mchana kweupe akaukata mti wa mlangoni kwake. Aliamini kwamba mti ukiondoka, mpaka nao utarudi nyuma. Bwana Miche akaja mbio. Akamweleza kwamba picha imekwisha kupigwa na mpaka hausogei. Tena sasa amekata mti wa hifadhi, na kila mti ulio hai kando ya mto ni mali ya hifadhi, kuung'oa au kuukata ni kosa. Akatozwa faini, na msalaba ukabaki ukutani kwake vilevile.

"Shemeji," aliniambia jioni, akikaa kwenye kisiki chake, "bora ningekata kitambaa cha mteja vibaya. Kile ningekiunga."

Siku zilizofuata nilifua kwa hasira. Mume wangu, ambaye ni fundi mwashi na mtu wa maneno machache, alisema kwamba nguo za watu zitatoboka. Nilimjibu vibaya. Chumba kile alikijenga yeye, kila tofali lake akiliomba kwenye mabaki ya kazi za watu, ili mama yake asizeeke akilala sebuleni kama mgeni. Alikuwa akiutazama ukuta wenye msalaba kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ndipo Bwana Miche alipokuja tena, safari hii bila kopo. Alinikuta ninapiga pasi, akasubiri nimalize shati. Alisema kwamba wageni wakubwa wanakuja kutoka nchi zinazofadhili mpango, kwamba watapenda kumsikia mwenyekiti wa kina mama, na kwamba ingefaa nikisema kuwa wakazi wenyewe wamekubali kupisha hifadhi kwa hiari. Halafu akashusha sauti. Mti wa mlangoni kwangu, alisema, unaweza kuandikwa upya kuwa mti wa mapambo. Mti wa mapambo haumo kwenye hifadhi. Mstari utasogea.

"Kwa wote?" nilimuuliza.

Aliitazama pasi. "Kwako, mama mwenyekiti. Mimi naokoa ninachoweza kukiokoa."

Laiti angekuwa mtu mbaya, ningemfukuza pale pale na moyo ungetulia. Lakini hakuwa mbaya. Aliipenda miti kweli, na nadhani alitupenda na sisi, kidogo kuliko miti. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: kwamba uovu huu wote ulikuwa unaletwa mlangoni kwangu na mtu anayebisha hodi.

Usiku tulikaa chumba cha mbele, sote watatu. Mume wangu alisema kinywa ni changu, aamue mwenye kinywa. Nilitarajia Jemadari, anayegombana hata na mvua, anikataze. Hakunikataza.

"Sema," aliniambia. "Maneno ni pumzi tu, mwanangu. Ukimaliza kuyasema utavuta nyingine. Mimi nikitoka humu sina pengine pa kuvutia yangu."

"Na jirani, mama?"

"Jirani nampenda. Lakini silali kwake."

Nilimwahidi kwamba nitasema. Nilikuwa nimekusudia hivyo kweli, na asubuhi ya sherehe nilivaa gauni langu la maana nikiwa nimeyapanga maneno yote kichwani, mafupi, yasiyonipa nafasi ya kujikwaa.

Walisimika mahema kando ya mto, wakapanga viti vilivyofungwa utepe wa kijani. Meneja wa kiwanda aliketi mstari wa mbele, katikati ya wageni, na kabla ya mengine yote akakabidhiwa cheti cha rafiki wa mto. Kina mama wa kikundi tuliketishwa pembeni, kwenye jua, tukiwa tumevalishwa, juu ya nguo zetu, fulana zenye picha ya jani. Ndipo mgeni mmoja, mwanamke mwenye nywele nyeupe na uso wa upole, alipotembea hadi ukingoni, akachutama, akachovya vidole majini. Akasema jambo, na mkalimani akatutafsiria: amefurahi kuona maji safi namna hii.

Nikayatazama maji. Yalikuwa safi. Sijui ni kwa nini sikuwa nimeyatazama tangu asubuhi. Labda nilikuwa nikiyarudia maneno yangu. Yalikuwa safi hadi mawe ya chini yakaonekana, mawe ambayo watoto wangu hawajawahi kuyaona. Kiwanda kilikuwa kimepumzishwa kwa heshima ya wageni.

Kumbe wanaweza. Nililisema kwa sauti, na mwenzangu wa kando akanigeukia. Kumbe miaka yote hii, kila tulipoambiwa kwamba jambo ni zito na lahitaji mikutano ya mataifa, palikuwa na mtu mle ndani anayeweza kufunga bomba. Amelifunga kwa ajili ya vidole vya mgeni. Kwa miguu ya watoto wetu hakulifunga hata siku moja.

Waliponiita nilisimama, na yale maneno mafupi sikuyaona tena. Nilisema kwamba maji haya si yetu, yetu yana rangi, na yatarudi wageni wakishaondoka. Nilisema kwamba miti tuliipanda kwa mikono yetu, na ile ya mlangoni tuliipanda kwa huruma, na kwa huruma hiyo tunabomolewa nyumba. Nilisema hakuna hata mmoja aliyekubali kuhama. Nilisema kwa utulivu, kwa kuwa nilijua kwamba nikipaza sauti watasema mama yule ana kichaa.

Mkalimani alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akawageukia wageni akasema maneno machache sana. Wageni wakatabasamu, wakapiga makofi, na yule mwenye nywele nyeupe akaweka mkono kifuani kuonyesha kwamba nimemgusa. Meneja naye alipiga makofi. Bwana Miche peke yake hakupiga. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Niliporudi nyumbani Jemadari alikuwa ameketi palepale kitandani, nywele amezisuka upya kwa ajili ya siku hiyo.

"Umesema?"

"Hapana, mama."

Nilianza kumweleza habari ya maji, na bomba, na makofi, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Basi wewe umeshiba," alisema. "Umeitema hasira yako umeshiba. Mimi nitalala wapi?"

Wapo watakaosema nilifanya vema, na wapo watakaosema niliuza chumba cha mama mzee kwa hotuba ambayo hakuna aliyeisikia. Pande zote mbili zinaijua habari nusu.

Chumba kilibomolewa pamoja na cha fundi cherehani na vya wengine waliokuwa kwenye mstari. Mume wangu hakungoja tingatinga. Alikibomoa mwenyewe tofali kwa tofali, dirisha akalitoa likiwa zima, kisha akaziba mwanya kwa ukuta mpya, akifanya kazi bila kutazama pembeni. Tingatinga lilipofika, dereva wake alikuta sakafu tupu imefagiwa. Alizunguka, akaikwangua kidogo ili aandike kwamba amefanya kazi, akaondoka. Mti ukabaki umesimama peke yake mbele ya ukuta usio na mlango.

Kitanda cha mama mkwe tulikiingiza chumbani kwa watoto. Hakulia wala hakulalamika. Aliacha tu kuzungumza nami. Alilonitaka nilijue alilituma kwa wajukuu, nami nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mwambieni mama yenu chai haina sukari." "Mwambieni mama yenu mlango unapiga kelele." Nilitia sukari, nikatia mafuta bawaba, nikaendelea kufua.

Mto ulirudi na rangi ya kijani. Ilikuwa kijani ya majani machanga, na nilipoiona nilidhani mtu anatukejeli. Nilisimama ukingoni na beseni kiunoni, nikayarudia moyoni maneno ya Bwana Miche aliyomwambia fundi cherehani: kila mti ulio hai kando ya mto ni mali ya hifadhi, kuung'oa ni kosa. Kila mti. Hakusema miti ya nani wala mbele ya ukuta wa nani. Nikalitua beseni.

Chini ya miti yetu mbegu zilikuwa zimeota zenyewe, mamia ya machipukizi ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilikusanya kina mama wa kikundi, nikawaeleza. Mke wa fundi cherehani alicheka hadi akajishika mbavu, mara ya kwanza tangu wabomolewe. Tuliyahamishia kwenye vifuko vya sabuni na makopo, tukayalea nyuma ya nyumba hadi yakasimama vizuri. Fundi cherehani alitushonea mikanda ya kubebea begani kwa vitambaa vilivyobaki, akisema hataki malipo ila kuja kuangalia.

Asubuhi tuliyoichagua tuliufuata mto kwenda juu, na majembe na ndoo, hadi kwenye ukuta wa kiwanda. Ukingo ule ni wa umma, ukuta tu ndio wao. Udongo ulikuwa mgumu, wenye ukoko mweupe wa chumvi, na jembe lilipiga kama linapiga bati. Tulichimba mashimo mapana, tukamimina udongo mweusi tuliokuja nao, tukaanza kupanda kandokando ya ukuta kuelekea bomba la maji machafu. Mlinzi wa getini alikuja na rungu lake, akatuuliza nani katuruhusu. Mke wa fundi cherehani akamjibu kwamba ni tajiri wake, maana ndiye rafiki wa mto, cheti anacho. Mlinzi alikuna kichwa. Mwishowe akasema kwamba yeye hajaelekezwa habari ya miti, akaenda kupiga simu.

Nilikuwa nimepiga magoti shimoni nilipoona kivuli cha fimbo. Jemadari alikuwa amekuja. Alikuwa ametembea njia yote ile peke yake, anahema, na vumbi limemfika magotini. Hakunisalimu. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya makopo ya miche, akaanza kuyafuta udongo moja moja.

Bwana Miche alifika kwa pikipiki. Alishuka, akauangalia mstari wetu wa miche ukutani, na kwa kitambo kidogo, naapa, nilimwona akifurahi. Kisha akakumbuka kilichomleta.

"Mama mwenyekiti, haya hayamo kwenye mpango. Hayatahesabiwa."

"Ni miti hai, au si miti hai?"

"Ni miti."

"Na hapa ni kando ya mto?"

Aligeuka nyuma. Meneja alikuwa ametoka, amesimama getini na mlinzi wake, akimwonyesha Bwana Miche kwa kidole kwamba afanye haraka.

"Basi ing'oe wewe," nilimwambia. "Wewe uliyetufundisha kupanda. Ing'oe tukiona, halafu ujiandikie faini kama uliyomwandikia jirani yangu."

Aliinama. Alishika mche wa kwanza karibu kabisa na udongo, kama anavyoshika siku zote ili asiuumize, akauvuta. Ulitoka na mizizi yake yote. Akabaki ameushika, hajui pa kuuweka.

Nyuma yangu nilisikia ndoo ikisogezwa. Jemadari aliinyoosha mikono yake yote miwili, akaniwekea mche mwingine kwenye kiganja.

"Shimo lingali wazi," aliniambia. "Panda."